Hatua Arobaini Mashariki ya Ujia

Harufu ya poda ya mtoto hunipandisha hasira. Najua si jambo la kawaida. Mdogo wangu alipojifungua, wanawake waliokuja kumtazama walikiinamia kile kitanda, wakavuta pumzi, wakasema "aah," na nyuso zao zikalainika. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye theluji bila koti mpaka moyo ukatulia. Siku ile sikumweleza mtu. Nawaeleza ninyi, kwa sababu nimeyabeba mambo haya muda mrefu, na nadhani sasa naweza kuyapanga kwa mfuatano wake bila kuyatia chumvi.

Poda ile tuliitumia kupimia upepo, Baba na mimi. Unalishika kopo mkononi, unaliminya mara moja, kinatoka kiwingu cheupe, nawe unakitazama kinaelekea wapi na kinakatikia wapi. Upepo wa juu ya mti si upepo wa chini ya mti, na upepo wa asubuhi si upepo wa adhuhuri. Nilikuwa na miaka kumi nilipoligundua hilo, na nikaliandika kwenye daftari.

Tulikuwa tunakaa Coon Rapids, Minnesota, huko Marekani. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Baba alikuwa fundi wa maabara, Mama alikuwa mhudumu wa wagonjwa, na kwa kuwa duka la nyama ya halali lilikuwa mbali, na Baba hakuwa akiliamini sana, alipata wazo kwamba nyama ya familia yake angeitafuta mwenyewe, kwa mkono wake na kwa jina la Mungu. Mama alikuwa na mwenzake kazini, mjane mzee wa Kizungu aliyeitwa Bi Verna, ambaye shamba lake lilikuwa mwendo wa saa moja kwa gari kuelekea kaskazini. Upande wa kusini wa shamba lile palikuwa na mahindi, katikati palikuwa na msitu wa mialoni, na upande wa kaskazini palikuwa na kinamasi ambamo kulungu walilala mchana. Bi Verna alituruhusu kuwinda humo, na Baba akawa anampasulia kuni za majira ya baridi.

Watu wa Minnesota huwinda kulungu wakiwa juu ya miti, kwenye kijukwaa kilichofungwa kwenye shina. Wana jina lao la kitu hicho. Baba alikiita dungu, kama lile wanalojenga watu wa kwao shambani kulinda mahindi dhidi ya ngedere na nguruwe, na nyumbani kwetu hatukukiita vinginevyo. Alilitengeneza mwenyewe kwa vyuma na ubao, likawa na kiti chenye mto mdogo alioushona Mama, na likafungwa mtini kwa cheni mbili na boliti nne.

Mti wa kwanza aliuchagua Baba peke yake, na aliuchagua kama mtu anayetafuta mahali pa kutundika mzinga. Ametoka katika ukoo wa warina asali, kusini mwa Tabora. Kwao mti mzuri wa mzinga ni mkubwa, umesimama peke yake, hewa inaupitia, na nyuki anauona toka mbali. Basi alitafuta mwaloni mkubwa kuliko yote shambani, uliokuwa ukingoni mwa mahindi, akaupiga kofi mara mbili kama anayemsalimu ng'ombe, akasema, "Huu." Mwindaji aliyezaliwa Minnesota asingefanya kosa hilo hata akiwa amelewa. Mti unaoonwa na nyuki toka mbali huonwa na kulungu pia. Si koti la rangi ya chungwa, ambalo sheria inamtaka kila mwindaji avae, lililowatisha. Nilikuja kusoma kwamba rangi hiyo kulungu haimshtui. Kilichowatisha ni mtu anayejikuna mbele ya anga tupu. Msimu mzima Baba hakupiga hata risasi moja. Alichoona ni mikia myeupe iliyoinuliwa juu, ikielekea kinamasini.

"Mzinga haumfuati nyuki," alisema siku moja tukirudi, ingawa sikuwa nimesema neno. "Nyuki ndiye anayeufuata mzinga."

"Kulungu si nyuki, Baba."

Alicheka mpaka akapunguza mwendo wa gari. Kuanzia siku hiyo aliniacha nifanye hesabu zangu.

Nilizifanya kwa miaka miwili. Kila Jumamosi ya vuli, na nyingine nyingi za masika, tulikwenda shambani kwa Bi Verna, Baba akipasua kuni, mimi nikitembea na daftari na dira. Niliandika saa, upepo ulikotoka, mahali nilipoona kinyesi kibichi, miti ambayo dume alikuwa ameichubua kwa pembe. Nilichora ramani, nikaifuta, nikaichora tena. Katika maktaba ya mtaani kwetu nilisoma kila kitabu cha kulungu kilichokuwapo, pamoja na viwili vya watu wazima ambavyo mkutubi aliviangalia, akaniangalia mimi, akavipiga muhuri bila kuuliza. Sikuwahi kwenda chuo. Ninachokijua leo cha maana nimekipata kwa njia ile niliyoianzia pale: kukaa kimya, kutazama, kuandika, na kukubali nilipokosea.

Na nilikosea. Mahali pa pili nilipachagua mimi, na palikuwa pabaya kuliko pa Baba. Niligundua kwamba kulungu walikuwa na ujia mmoja walioupenda, unaotoka pembe ya kusini-magharibi ya mahindi, unapita kati ya mialoni na kuishia kinamasini. Nikamwambia Baba tufunge dungu magharibi ya ujia huo, kwenye mti uliogawanyika vizuri, mti wa starehe. Tulilifunga. Lakini mwezi wa Novemba upepo wa kule hutoka kaskazini-magharibi karibu siku zote. Ukikaa magharibi ya ujia, jasho lako, chai yako, na vitunguu ulivyokula jana vinapelekwa moja kwa moja mahali kulungu anapotaka kupita. Tena poda yenyewe ilikuwa inanukia. Tulikuwa tumekaa juu ya mti tukitangaza kwamba kuna mtoto ameogeshwa hivi punde. Baba alipoelewa hilo alikaa chini kwenye majani akacheka, machozi yakamtoka. Tukaanza kutumia wanga wa mahindi usio na harufu, lakini ile poda ilikuwa imekwisha ingia kwenye koti langu na haikutoka tena.

Mahali pa tatu palikuwa hatua arobaini mashariki ya ujia. Nilizihesabu kwa miguu yangu, kisha Baba akazihesabu kwa yake, akapata thelathini na moja, tukakubaliana kutumia zangu. Kwenye mti ule upepo wa Novemba ulikupiga usoni. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yako, likimwakia kulungu machoni. Tuliweza kufika kwa kupitia upande wa mashariki, kwenye njia ya trekta, bila kuukanyaga ujia wala kuufikisha mlangoni mwa kinamasi msukosuko wetu. Tulipanda futi nne zaidi ya mwanzo, tukakata matawi mawili tu. Ni jambo dogo ukilitazama kwenye karatasi: mstari, nukta, na mshale. Lakini nukta ile ilinichukua miaka miwili.

Palibaki kiti. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Bibi yangu, kwenye barua zake, alikuwa akiuliza kama nimeshaachishwa mkono huo, na mezani Baba alinisimamia nile kwa kulia kama Waislamu wote. Lakini kwenye bunduki alisema, "Bunduki si wali," akaishia hapo. Mtu anayelengea begani kushoto hugeuka kwa urahisi kwenda kulia. Kwa hiyo tuliligeuza dungu kwenye shina mpaka kiti kikaelekea kusini-magharibi na ujia ukapita mkono wangu wa kulia. Baba alikaza boliti, akanikalisha, akanifunga mkanda, akasema, "Lenga." Nikalenga kwa kijiti badala ya bunduki. "Tena." Nikalenga tena. Akashuka ngazi, akasimama chini akinitazama kwa muda mrefu.

"Ukifika kumi na mbili," alisema, "dungu hili ni lako."

Miaka kumi na miwili ndio umri ambao mtoto aliruhusiwa kuwinda. Nilikaa darasani na wavulana wa Anoka, mji wa jirani, kujifunza usalama wa bunduki, nikafaulu, nikapata kadi yenye jina langu, na baadaye kibali. Mama alivibandika vyote kwenye mlango wa friji. Nilikuwa nimejizoeza hata namna ya kutamka bismillahi kwa kunong'ona bila kutoa moshi wa pumzi, kwani mnyama asiyetajiwa jina la Mungu hatuli.

Wiki tatu kabla ya msimu kufunguliwa alifika Anko Shomari.

Anko Shomari alikuwa Mzaramo, na Baba ni Mnyamwezi, kwa hiyo walikuwa watani, na walivyoutenda utani wao pale Coon Rapids usingedhani kuna bahari kati yao na nyumbani. Yeye ndiye aliyempokea Baba alipofika Marekani mara ya kwanza, Texas, akiwa mwanafunzi mwenye sanduku moja. Sasa alikuwa amekuja kwetu kutafuta kazi. Alikuwa mnene, mchangamfu, na nitakuwa mwongo nikisema sikumpenda. Siku ya kwanza alifungua kabati, akatoa koti jipya la Baba, akalivaa. "Mpagazi havai koti la namna hii," alisema. "Mpagazi anavaa mzigo." Baba akaanguka kwenye kochi kwa kicheko. Koti hilo hatukuliona tena. Alichukua kiti changu mbele ya televisheni, alichukua paja la kuku kila mara, alichukua redio ya Baba akaipeleka chumbani kwangu, ambako sasa kulikuwa kwake. Kwa kila kitu alichokichukua palikuwa na mzaha, na Baba alijibu kwa mzaha mwingine, na kitu hakikurudi.

"Mtani hakasirikiwi," Baba aliniambia nilipouliza kuhusu redio. "Ukimkasirikia mtani, umeivunja heshima yako mwenyewe."

Alhamisi kabla ya ufunguzi tulikuwa mezani. Anko Shomari alitoa karatasi mfukoni akaitandaza karibu na sahani. Alikuwa amenunua kibali cha mgeni.

"Enhe, Mnyamwezi," alisema. "Kesho kutwa mimi nakaa wapi?"

"Popote unapotaka, mtani."

"Popote? Basi nakaa pale unapopasifia usiku na mchana mpaka masikio yameniota sugu. Pale pa hatua arobaini."

Baba alicheka. Mimi nilingoja amalize kucheka ili aseme hapana.

"Pale ni pa Zuhura," Mama alisema.

"Zuhura ana miaka themanini mbele yake. Mimi nina shinikizo la damu." Akanigeukia. "Au unaninyima, mpagazi mdogo?"

Nikasema, kwa sauti iliyotoka ndogo kuliko nilivyotaka, "Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe."

Meza nzima ililipuka. Anko Shomari alipiga makofi. "Amekuwa! Mtoto amekuwa! Nani kamfundisha?" Hata Mama alitabasamu. Hapo ndipo nilipouona mtego ule ulivyo. Nilikuwa nimesema ukweli mtupu, kwa hasira, mbele ya watu wote, na ukweli huo ulipokelewa kama mzaha mzuri, ukaliwa pamoja na wali. Ndani ya utani hakuna neno unaloweza kulisema likasikika.

Ijumaa Baba alinichukua shuleni mapema. Nilifikiri tunakwenda kuangalia kama cheni zimekaza, kama tulivyopanga. Tulifika shambani, tukapita njia ya trekta, Baba akapanda ngazi. Kisha akaniita nipande nyuma yake nimshikie spana.

Alilegeza boliti ya kwanza, ya pili. Akaanza kulizungusha dungu.

"Unafanya nini?"

"Shomari ni mtu wa mkono wa kulia," alisema.

Hakunitazama. Alikisukuma kiti taratibu kwenye shina, kutoka kusini-magharibi, kikapita magharibi, mpaka kikaelekea kaskazini-magharibi, na ujia ukawa mkono wa kushoto. Vyuma vilikwaruza magome ya mti, na yakanidondokea usoni. Nilikuwa nimeshika spana. Hilo ndilo linaloniudhi hata leo kuliko yote: kwamba aliponyoosha mkono nilimpa spana, na alipomaliza kukaza nikaipokea. Alilipima kwa macho, akaligeuza kidogo zaidi, kwa uangalifu uleule aliotumia kuligeuza kwa ajili yangu. Kazi nzuri. Baba hakuwahi kufanya kazi mbaya.

"Na mimi?" niliuliza tukiwa chini.

"Wewe una misimu mingi, Zuhura. Huyu alinipa kitanda chake miezi minane, yeye akalala sakafuni. Unajua maana yake?"

Sikujua maana yake. Nilijua kwamba kitanda kile kilikuwa cha Shomari, naye alikuwa na haki ya kukitoa. Dungu lilikuwa langu.

Jumamosi alfajiri Baba na mimi tulikaa kwenye mwaloni wake wa mzinga, mimi juu kwenye ubao wa zamani uliobaki pale, yeye chini ameegemea shina. Baridi ilikuwa kavu, na majani ya mahindi yaliyokwisha vunwa yalikuwa yanalia kama karatasi. Niliminya wanga. Kaskazini-magharibi, upepo mwembamba usioyumba. Kila kitu kilikuwa kama nilivyoandika. Kulipopambazuka nilimwona dume akitoka pembe ya kusini-magharibi ya mahindi, mbali mno na mimi, shingo imevimba kwa ajili ya majike, akitembea bila haraka. Alisimama pale nilipoandika kwamba watasimama. Akageuza masikio pale nilipoandika kwamba watayageuza. Akaingia kwenye ujia. Nilihesabu hatua zake akiwa amekwisha potea machoni, na nilijua lini atafika mbele ya kiti, na sikukosea hata hapo. Kwanza tulisikia sauti ya Anko Shomari, kwa nguvu kabisa, "Bismillahi Allahu akbar!" Kisha mlio.

Dume hata hakuwa ametazama juu. Upepo ulikuwa mzuri kiasi hicho.

Tulipofika alikuwa amekwisha shuka na kumchinja, amesimama na kisu, uso unameremeta. Pembe zilikuwa na ncha nane. Alimkumbatia Baba. "Mnyamwezi! Mahali hapa! Mungu akupe nini! Umepajuaje?"

Nilimtazama Baba. Nilimpa nafasi. Nilimpa muda wa kutosha mtu kusema neno moja, na neno lenyewe lilikuwa jina langu.

"Ni kutazama tu upepo," Baba alisema.

Anko Shomari akaifunga kamba kwenye pembe, akanitupia ncha yake. "Haya, mpagazi mdogo! Kazi ya asili yenu. Ndovu mlibeba mpaka Bagamoyo, huyu atawashinda?" Baba akacheka, akaishika kamba. Nami nikaishika. Tulimburuta dume yule kwenye majani mpaka njia ya trekta, Baba mbele na mimi nyuma yake, na Mzaramo akitembea kando akituimbia wimbo wa safari alioutunga papo hapo.

Kwenye gari nikaachia kamba. Nilisema kwa Kiingereza, maana hasira zangu zote za umri ule zilikuwa kwa Kiingereza, kwamba mnyama huyu ni wangu, mti ni wangu, na yeye ni mwizi.

Hapo wimbo ulikoma. Wote wawili walinielewa vizuri.

"Mtake radhi Anko wako," Baba alisema. "Mpe mkono."

Nilimpa mkono. Nilimpa wa kushoto, nikaunyoosha wote mpaka mwisho, nikaushikilia pale.

Kama hujakulia kwenye nyumba kama yetu huwezi kujua ulikuwa mzito kiasi gani. Anko Shomari aliutazama ule mkono, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu hakuwa na mzaha. Baba alifungua mlango wa gari akaniambia niingie. Nilikaa humo wakati wao wanamtoa dume matumbo. Kioo kiliganda kwa pumzi zangu, na sikukifuta. Baba alisema, bila kupaza sauti, kwamba msimu wangu umekwisha. Zilikuwa zimebaki siku chache. Zikapita. Kibali changu kilirudi kwenye friji bila kukatwa ile alama ya aliyepata mnyama.

Mwezi uliofuata Watanzania walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao huko Oakdale, ikapikwa nyama ile na ndizi, na Anko Shomari akasimulia. Alisimulia vizuri. Alionyesha jinsi upepo ulivyompiga usoni, jinsi jua lilivyokaa nyuma yake, jinsi alivyotambua, mara tu alipopanda, kwamba pale ndipo hasa. Watu walimpigia makofi, nao wakampigia Baba makofi kwa kupajua. Nilikaa na watoto wengine ghorofa ya chini na nilisikia kila neno kupitia sakafu. Sikula. Mpaka leo sijui nyama ile ilikuwa na ladha gani.

Nilijiambia nitangoja mwaka. Lakini masika yale Bi Verna aliuza shamba akahamia kwa binti yake. Kabla ya vuli kufika mialoni ilikuwa imekatwa, na kulikuwa na vigingi vyenye tepe za rangi palipokuwa na ujia. Leo ni nyumba, na mashariki ya ujia, hatua arobaini, nimekwenda kupima, kuna gereji ya magari matatu. Ile misimu mingi niliyoahidiwa haikuwapo. Ulikuwapo mmoja, Baba akaugawa.

Baada ya hapo sikuwinda tena na Baba. Tuliongea mambo mengine. Anko Shomari alipata kazi, akahama, akafariki Texas miaka mingi baadaye, nami nikaenda msibani kwa wema wake mwingine, ambao ulikuwa wa kweli. Hasira nilidhani imezeeka.

Kisha mwaka juzi, siku ya Idi, nilikuwa sebuleni kwa wazazi wangu kati ya wageni wa kizazi kipya, vijana wa kazi za kompyuta na wake zao. Baba, mvi tupu, alikuwa anasimulia mambo ya zamani. Nikamsikia anasema, "Binti yangu huyu mnayemwona. Ana miaka kumi na miwili! Alipachagua mwenyewe, hatua arobaini mashariki ya ujia. Akapanda juu. Akampiga dume wa ncha nane, risasi moja tu, akilengea begani kushoto." Vijana wakanigeukia, wakapiga makofi. Mmoja akataka kunipiga picha.

Nilinyanyuka nikamfuata jikoni alipokwenda kuongeza chai.

"Baba, kwa nini unasema hivyo?"

Hakushtuka. Akili ya Baba haijapungua hata chembe. Anakumbuka namba za sampuli za maabara za miaka ile. Aliweka birika kwenye jiko, akawasha moto, akasimama akiutazama.

"Nimekuwa nikisema hivyo muda mrefu," alisema. Halafu akauliza, "Umewaambia?"

"Bado."

"Basi," akasema.

Nikiwa mtoto niliamini kwamba Baba hakuona. Niliamini kwamba heshima ya mgeni na kelele za utani zilimfunika macho, na kwamba laiti ningeweza kumwonyesha, kwa ramani, kwa daftari, angeelewa alichokifanya na kukirudisha. Miaka yote ile nilikuwa nikimtungia maelezo kichwani. Pale jikoni nilielewa kwamba hayakuhitajika. Mtu hapambi upya tukio lisilomuuma. Alijua alipokuwa akikizungusha kiti. Ndiyo maana hakunitazama. Alijua aliposema ni kutazama tu upepo. Na alipoona kwamba msimu mwingine hautakuja, alinipa dume yule kwa njia pekee iliyobaki, kwa maneno, mbele ya watu wasiomjua Shomari, kila Idi mimi nisipokuwapo, na safari hii nikiwapo.

Mngetegemea niseme kwamba hapo nilimsamehe. Nimejaribu kulipima jambo hili kwa haki, na sivyo. Kosa la asiyejua ni jepesi. Baba alijua, na badala ya kuja kwangu na maneno mawili niliyomdai, aliwapelekea wageni hadithi ambayo ndani yake hapakuwa na kosa lolote. Alinipa mnyama, akanichukulia dhuluma. Na dhuluma ile ilikuwa yangu. Ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho msituni.

Nikarudi sebuleni nikakaa. Nikawaambia wale vijana kwamba dume alipigwa na mtu aitwaye Shomari, na kiti kiligeuzwa siku moja kabla, na nani alikigeuza, na nani alimshikia spana. Nilisema kwa Kiswahili, polepole, kwa mpangilio wake. Baba alitoka jikoni nikiwa katikati. Alisimama mlangoni na birika mkononi, mvuke ukimpanda usoni, akasikiliza mpaka mwisho, na hakunisahihisha hata neno moja.